Miamba ya Kina Kirefu Hufikaje Juani?

Kando ya barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, mlima umechongwa na mwamba uko wazi: mistari myeupe na myeusi iliyopindana, na ndani yake punje nyekundu za ganeti. Mwamba huo ni gneisi, na jamii yake imeenea Pare, Uluguru, Taita na sehemu kubwa ya mashariki ya Tanzania na Kenya. Ni mwamba geu, yaani ulikuwa jiwe la aina nyingine kabla ya joto na mgandamizo kuugeuza. Kiasi cha chuma, magnesi na kalsi kilichomo ndani ya ganeti, kikilinganishwa na madini yaliyokaa kando yake, kinaonyesha kwamba miamba ya Pare na Usambara ilipikwa kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, chini ya mgandamizo wa karibu gigapaskali 1. Hiyo ni kama mara 10,000 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Mzigo unaoweza kukandamiza hivyo ni mawe yenye unene wa kilomita 35.

Shimo refu kuliko yote ambayo binadamu amewahi kuchimba, lile la Kola nchini Urusi, liliishia kilomita 12 na kidogo. Kwa hiyo anayesimama kwenye kona za barabara ya Lushoto anagusa kitu ambacho hakuna mtambo wa kuchimba uliowahi kukikaribia. Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Mawimbi ya matetemeko yanatuonyesha kwamba ganda la dunia chini ya mashariki ya Tanzania leo lina unene wa kilomita 36 hadi 39. Mwamba uliokuwa kilomita 35 chini sasa uko juu, na bado una kilomita zaidi ya 35 za mawe mengine chini yake. Kilomita zilizokuwa juu yake zilikwenda wapi? Na hizi zilizo chini yake zilitoka wapi?

Jibu la haraka ni kwamba nguvu za dunia ziliusukuma mwamba juu hadi ukawa mlima. Jibu hilo linachanganya mambo mawili yaliyo tofauti kabisa, na mchanganyiko huo uliwasumbua hata wataalamu kiasi kwamba mwaka 1990 Philip England na Peter Molnar waliandika makala mahsusi ya kuutatua. Kuinuka kwa uso wa nchi ni jambo moja. Mwamba kuukaribia uso wa nchi ni jambo jingine. La kwanza hupimwa kutoka usawa wa bahari. La pili hupimwa kwa unene wa kile kinachoufunika mwamba. Nchi inaweza kuinuka kilomita 5 bila mwamba wa chini kusogea hata hatua moja karibu na jua, kwa sababu kila kitu kimeinuka pamoja, mwamba na mfuniko wake.

Mlima Everest unalionyesha hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Kilele chake, mita 8,849 juu ya bahari, ni mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe vya baharini walioishi zaidi ya miaka milioni 440 iliyopita. Chokaa hiyo haijawahi kuzikwa kwa kina kikubwa. Ukishuka kuelekea mabonde ya Nepal ndipo unapokutana na gneisi zilizopikwa hasa, pamoja na granaiti nyeupe zilizoganda takriban miaka milioni 20 iliyopita. Mahali palipoinuka kuliko pote duniani pana jiwe lisilotoka kina, na jiwe la kina liko chini yake bondeni. Urefu wa mlima, basi, hautuambii chochote kuhusu safari ya mwamba hadi tujue ni kiasi gani cha mfuniko kimeondolewa.

Mfuniko huondolewaje? Njia inayojulikana kwa kila mtu ni mmomonyoko: mvua, mito, barafu na maporomoko. Wengi wanaukubali mmomonyoko kwa shingo upande, kwa kuwa hawaoni jinsi mlima wa kilomita 5 unavyoweza kutoa kilomita 30 za mawe. Hesabu yake ni nyepesi na mimi naiona ya kupendeza. Ganda la dunia lina densiti ya takriban gramu 2.75 kwa sentimita moja ya ujazo, na koti la dunia lililo chini yake lina 3.3. Ganda huelea juu ya koti. Koti si kimiminika, ni jiwe moto linalotiririka polepole mno, lakini kwa muda wa maelfu ya miaka linajibu kama kimiminika. Jahazi likipakuliwa shehena hunyanyuka majini. Ganda likipunguziwa mawe juu hunyanyuka pia. Ondoa mita 1,000 za mawe, na ardhi itapanda takriban mita 830. Uso wa nchi umepungua mita 170 tu. Kwa hiyo, ili nyanda za juu zenye kimo cha kilomita 5, kama Tibet ya leo, zisawazishwe hadi karibu na bahari, mvua italazimika kuondoa kilomita 30 za mawe. Mlima wa namna hiyo una mzizi mnene unaoushikilia, na kila unapopunguzwa juu, mzizi hupanda kuziba pengo.

Hapo tumeshapata nusu ya jibu la zile kilomita zilizo chini ya Usambara. Ganda la Tibet leo lina unene wa hadi kilomita 70, karibu mara mbili ya ganda la kawaida. Ukiweka pamoja kilomita 35 zilizoondoka Usambara na zile 36 hadi 39 zilizobaki, unapata unene uleule. Takriban miaka milioni 640 hadi 550 iliyopita, vipande vya mabara vilipokuwa vikikusanyika kuunda bara kuu la Gondwana, mkanda mrefu wa milima ulipita hapa kutoka Msumbiji na Madagaska hadi Arabia. Mabaki yake ndiyo tunayoyaita Mkanda wa Msumbiji.

Mmomonyoko ungetosha kueleza kila kitu kama si jambo lililogunduliwa katika milima ya Alps mwaka 1984.

Christian Chopin, mwanajiolojia Mfaransa, alikuwa akichunguza mwamba mweupe kutoka eneo la Dora Maira, kaskazini-magharibi mwa Italia. Mwamba huo una ganeti zenye rangi ya waridi hafifu, nyingine kubwa kuliko ngumi. Ndani ya ganeti hizo, kwa darubini, aliona punje ndogo za koesaiti zikiwa zimezungukwa na nyufa zilizotawanyika pande zote. Koesaiti ni kwatzi, madini ya kawaida ya mchanga, iliyobanwa: kemia ni ileile, lakini atomu zimepangwa kwa kusongamana zaidi. Ilitengenezwa maabara kwanza mwaka 1953 na Loring Coes, na mwaka 1960 ikapatikana katika kreta ya kimondo huko Arizona, mahali ambapo mgandamizo mkubwa ulitokea kwa muda mfupi mno. Kuipata ndani ya mwamba wa kawaida wa milimani, uliokaa na kukua taratibu, kulimaanisha kwamba mwamba huo ulikuwa umefikia mgandamizo wa gigapaskali 2.8 au zaidi. Kwa hesabu ya uzito wa mawe, hiyo ni karibu kilomita 100. Mwaka huohuo David Smith alitangaza koesaiti katika miamba ya magharibi ya Norwei. Mwaka 1990 Sobolev na Shatsky wakaeleza almasi ndogondogo zilizozaliwa ndani ya gneisi za Kokchetav, Kazakhstan, jambo linalohitaji kina kikubwa zaidi.

Ni vigumu leo kufikiria jinsi habari hizo zilivyotikisa fani nzima. Mwamba wa Dora Maira asili yake ni granaiti ya ukingo wa bara, na ilikuwa imekubalika kwamba mabara ni mepesi mno kuzama kwenye koti. Bahari huzama, mabara hugongana na kukunjamana juu: ndivyo ilivyofundishwa. Sasa hapa palikuwa na kipande cha bara kilichozama hadi kilomita 100, kikarudi, na kikaja na ushahidi mfukoni.

Kisha ukaja umri wake. Mwaka 2001 Daniela Rubatto na Jörg Hermann walichapisha vipimo vya madini ya Dora Maira yaliyokua katika hatua mbalimbali za safari. Mwamba ulikuwa kina kirefu miaka milioni 35 iliyopita. Kufikia miaka milioni 32 iliyopita ulikuwa tayari umeingia sehemu ya juu ya ganda. Mwanzoni ulipanda kwa kasi ya wastani wa sentimita 3.4 kwa mwaka, ikapungua hadi 1.6, na mwishowe 0.5. Sentimita 3 kwa mwaka ni mwendo wa mabamba yanayobeba mabara. Hakuna mvua inayoweza kula mlima kwa kasi hiyo. Katika milima inayoliwa haraka sana duniani, mmomonyoko huenda kwa milimita kadhaa kwa mwaka. Na kama mito ya kale ya Alps ingekuwa imebeba mzigo huo wote, mashapo yake yangekuwa mengi mno kuliko yanayoonekana.

Lazima basi kuwe na nguvu nyingine, na nguvu hiyo ni wepesi wa bara lenyewe. Ukingo wa bara haukuzama kwa hiari yake. Ulivutwa na sakafu ya bahari iliyoshikamana nao, ambayo ni nzito kwa sababu imepoa, na huzidi kuwa nzito inapogeuka eklogaiti, mwamba wa ganeti na piroksini ya kijani wenye densiti ya takriban 3.4 au 3.5. Uzito huo huvuta bara nyuma yake. Lakini gneisi na granaiti, hata zikibanwa kwa kina cha kilomita 100, hubaki nyepesi kuliko koti linalozizunguka. Mvutano unakua hadi kitu kinakatika. Ama sakafu ya bahari inajitenga na kuzama peke yake, ama pande la bara linachomoka kutoka kwenye bamba linalozama. Baada ya hapo pande hilo hupanda kupitia njia ileile lililoshukia, likiwa na vipande vya eklogaiti ndani yake. Eklogaiti peke yake isingeweza kupanda. Imebebwa na gneisi iliyoizunguka.

Hata hivyo nguvu hii ina kikomo, na kikomo hicho husahauliwa mara nyingi. Pande la bara hupanda kwa sababu lina densiti ndogo kuliko koti. Likifika chini ya ganda, kilomita 30 au 40 kutoka juu, linakutana na mawe yenye wepesi kama wake. Hapo hakuna tena kinachoiendesha safari. Ndiyo maana miamba mingi iliyotoka kina kirefu sana ina safari ya vipindi viwili: mbio kutoka kwenye koti hadi sehemu ya chini ya ganda, kisha mwendo wa polepole kwa njia nyingine. Kasi za Dora Maira, 3.4, kisha 1.6, kisha 0.5, zinaendana na picha hiyo.

Njia nyingine hizo ni mmomonyoko, ambao tumeuona, na mtanuko. Milima inaonekana kama zao la kubanwa, na ni kweli, lakini ganda likishakuwa nene na moto hushindwa kujibeba. Huanza kutanuka kwa pande huku chini bado likibanwa. Mipasuko yenye mteremko mdogo hutokea, na mawe ya juu huteleza kando juu ya mpasuko kama mzigo mmoja mpana. Yaliyokuwa chini ya mpasuko hubaki bila mfuniko. Uso wa nchi huenda usipande hata kidogo, na mvua huenda isinyeshe, lakini mwamba wa kina umekaribia jua. Kwenye mpasuko wa aina hii unaweza kuweka mkono mmoja kwenye jiwe lisilopikwa na mwingine kwenye gneisi, bila hatua za kati. Kilomita zilizokuwa baina yao zimepunguzwa na mtelezo.

Chini tu ya kilele cha Everest kuna mpasuko kama huo, unaoteremkia kaskazini. Unaitwa Mpasuko wa Tibet ya Kusini, na ndio uliotenganisha ile chokaa ya bahari na gneisi. Kusini kwake, kwenye miguu ya gneisi, uko mpasuko mwingine mkubwa ambako gneisi zimesukumwa juu ya mawe yasiyopikwa sana. Yote miwili ilifanya kazi kwa wakati unaokaribiana, takriban miaka milioni 20 iliyopita, mmoja ukitelezesha mfuniko kwenda kaskazini na mwingine ukiisukuma gneisi kwenda kusini. Mwaka 2001 Christopher Beaumont na wenzake walipendekeza kwamba gneisi hizo zilikuwa zimeyeyuka kwa sehemu, zikawa laini, zikatiririka kutoka chini ya Tibet kuelekea upande ambako mvua za masika ya Asia zilikuwa zikichimba mlima. Wengine wanaona matabaka ya mawe yaliyopandiana yanatosha bila mtiririko wowote. Ubishi huo haujaisha, ila pande zote mbili zinakubali kwamba mvua si mtazamaji. Huko Nanga Parbat, Pakistani, ambako mto Indus umekata korongo kubwa kando ya mlima, kuna granaiti zilizoganda chini ya ardhi takriban miaka milioni 1 tu iliyopita na leo ziko juani. Mto unachimba, mwamba moto unapanda kuziba, mwamba huo ni laini kuliko jirani zake, na kwa hiyo unapanda zaidi. Taka nyingi za Himalaya ziko kwenye sakafu ya Ghuba ya Bengal, katika rundo la mashapo lenye urefu wa kilomita 3,000 hivi na unene unaozidi kilomita 16 mahali fulani.

Tarehe hizi zote zinatokana na madini yenyewe. Zirkoni hubeba urani inayogeuka risasi, na huhifadhi umri hata kwenye joto kali. Ulanga mweusi huanza kushika gesi ya agoni ukipoa hadi nyuzi 300 hivi. Apataiti hutunza makovu ya urani iliyopasuka ikiwa chini ya nyuzi 110 hivi. Joto likizidi hapo makovu hupona. Mwamba mmoja wenye madini haya matatu una saa tatu zilizoanza kuhesabu katika vina tofauti, na tofauti za tarehe zake hutupatia mwendo.

Saa za Mkanda wa Msumbiji zinasimulia mwendo usiofanana kabisa na wa Alps. Miamba ya Pare na Usambara ilifikia kilele cha joto lake takriban miaka milioni 640 iliyopita, kisha ikapoa taratibu sana, digrii chache kwa kila miaka milioni moja. Pete za ganeti na kwatzi zilizokua kuzunguka madini ya zamani zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kupoa huko ilitokea mwamba ukiwa bado kina kilekile. Haikukurupuka kupanda. Kwa sababu hiyo baadhi ya watafiti wanaona kwamba ganda hapa lilinenepeshwa na joto na magma iliyoingia kutoka chini kabla ya mabara kugongana, na wengine bado wanaupa mgongano wenyewe nafasi ya kwanza. Mimi naelemea upande wa kwanza kwa miamba ya Pare na Usambara, kwa ajili ya zile pete.

Wakati wa kufika juu unajulikana kwa njia ambayo haihitaji maabara. Nyuma ya pwani, kutoka Tanga hadi Taru nchini Kenya, mashapo ya Karoo, matabaka ya kale ya mchanga na matope, yamelala moja kwa moja juu ya gneisi. Ya zamani zaidi kati yake yana umri wa karibu miaka milioni 300. Mchanga hauwezi kulala juu ya mwamba ambao haujafika uso wa nchi. Kilomita 35 katika miaka milioni 340 ni wastani wa sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka, mara mamia chini ya mbio za Dora Maira. Kwa mwendo huo mmomonyoko unatosha, na hauhitaji msaada wa kitu kingine.

Hii pia ina maana kwamba Usambara tunayoiona si mlima wa Gondwana. Ule wa kale ulikwisha kabisa. Milima ya Tao la Mashariki imesimama kwa sababu ya mipasuko ya baadaye, iliyoanza zama za Karoo na kufufuka tena na tena, ikiinua mapande ya ardhi ambayo gneisi zake tayari zilikuwa juu au karibu na juu. Kupanda kwa mwamba na kuinuka kwa mlima hapa kumetengana kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Mirerani, chini ya Kilimanjaro, safari hii ya polepole iliacha kitu ambacho hakipatikani kwingine kibiashara. Tanzanaiti, iliyotambuliwa mwaka 1967, ni zoisaiti yenye vanadi iliyokua ndani ya gneisi za grafaiti. Haikuzaliwa kwenye kilele cha joto. Ilikua baadaye, mwamba ulipokuwa umeanza kupoteza mzigo wake, nyufa zikifunguka na maji moto yakipita ndani yake. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa Mirerani, wanaofuata mikunjo ya grafaiti chini ya ardhi wanafuata alama za mwamba uliovunjwavunjwa njiani kwenda juu. Na Tanzania ina mwamba mwingine uliotoka kina, wa kale kuliko huu: katika kilima cha Yalumba, kwenye mkanda wa Usagara, kuna eklogaiti zenye umri wa takriban miaka bilioni 2, miongoni mwa za kale kuliko zote zinazojulikana zilizozaliwa bamba moja lilipozama chini ya jingine. Mtu akiuliza kama dunia ya wakati ule ilikuwa na mabamba yanayotembea kama leo, kilima hicho kinaingia kwenye ushahidi.

Kuna swali moja ambalo linaweza kubadilisha namba nyingi nilizozitaja. Kina cha kilomita 100 cha Dora Maira kinatokana na dhana kwamba mgandamizo wote unatoka kwenye uzito wa mawe ya juu. Lakini mwamba mgumu unaobanwa kati ya mabamba mawili unaweza kubeba mgandamizo zaidi ya uzito ulio juu yake. Ikiwa ziada hiyo ni kubwa, koesaiti ingeweza kuzaliwa kwa kina kidogo zaidi, na kasi ya sentimita 3.4 ingepungua kwa kadiri hiyohiyo. Wanaopinga wanasema mwamba wenye joto la nyuzi 700 ni laini mno kushikilia ziada kubwa kwa muda mrefu. Sasa watafiti wanaelekeza miale ya leza kwenye punje za kwatzi zilizonaswa ndani ya ganeti, punje ambazo bado zimebanwa hadi leo, wapime mgandamizo uliobaki na kutoka hapo wakadirie ule wa siku ganeti ilipozifunga.